Dereva wa gari la hoteli: leseni anazohitaji, saa anazoruhusiwa na haki zake kazini

Ndege ya jioni kutoka Nairobi inapotua Kisumu, mgeni aliyelipia chumba mjini Kisii bado ana zaidi ya kilomita 100 za barabara mbele yake. Atapita Ahero, ataanza kupanda mlima baada ya Sondu, atavuka Oyugis, na kama ni msimu wa mvua huenda akakutana na ukungu kabla hajafika Nyakoe. Mtu wa kwanza wa hoteli atakayemwona si mhudumu wa mapokezi wala mpishi. Ni dereva aliyesimama nje ya uwanja akiwa ameshika karatasi yenye jina la mgeni huyo.

Hoteli za Kisii na Nyamira zinategemea sana dereva huyu. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, semina na mikutano iliyokuwa ikifanyika Nairobi au Kisumu imekuwa ikifanyika pia huku kwetu. Chuo Kikuu cha Kisii huleta wazazi na wahadhiri, hospitali ya rufaa huleta madaktari na familia za wagonjwa, na mechi ya Shabana katika uwanja wa Gusii huleta mashabiki wa timu pinzani. Sherehe za kitaifa za Mashujaa zilipofanyika uwanjani humo tarehe 20 Oktoba 2020, waliofika kutoka nje walihitaji vyumba na walihitaji magari.

Ndiyo maana vijana wengi wenye leseni huulizia kazi hii. Wengi wao hata hivyo huijua kazi kwa nje tu: sare safi, gari zuri, bakshishi ya hapa na pale. Makala haya yanaeleza yaliyo ndani yake, hasa yale ambayo dereva huyajua akiwa tayari amesimamishwa na polisi au amekatwa mshahara.

KAZI YENYEWE

Kwa jina ni kupeleka na kuleta wageni. Kwa vitendo ni zaidi ya hapo. Alfajiri dereva hukagua magurudumu, mafuta ya injini, maji, breki, taa, wipa na mishipi ya usalama. Hupokea orodha ya wageni kutoka mapokezi, yenye majina, nambari za simu na saa za kuwasili. Akirudi kutoka uwanja wa ndege anaweza kutumwa Daraja Mbili kuchukua mboga na ndizi za jikoni. Mchana kikundi cha semina kinataka kwenda Tabaka kuona wachongaji wa mawe, au kupanda milima ya Manga kupiga picha. Usiku wa manane wahudumu wa baa wanamaliza zamu na lazima wafikishwe nyumbani, mmoja Suneka, mwingine Keumbu. Mwisho wa wiki kuna harusi na mazishi, na vani ya hoteli hukodishwa na familia zilizotoka mbali.

Kila safari ya aina hiyo ina hatari yake. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na mvua hunyesha karibu mwaka mzima, mara nyingi alasiri. Barabara ya kushuka Sondu yenye maji si barabara ile ile ya saa nne asubuhi. Dereva anayejua kazi hushuka kwa gia ndogo, haachi breki zibebe mzigo wote, na akiona ukungu huwasha taa za chini badala ya zile kali zinazorudisha mwanga machoni.

Halafu kuna wageni wenyewe. Mzigo wa mgeni huhesabiwa mbele yake kabla buti halijafungwa. Gari haliondoki mpaka kila mshipi umefungwa, hata kama abiria ni mheshimiwa anayesema ana haraka. Na dereva hasimulii mtu yeyote aliyembeba, aliyekuwa naye, au aliyoyazungumza kwenye simu. Mji wetu ni mdogo. Siri iliyotoka garini hufika sokoni kabla ya jioni.

LESENI NA BEJI

Leseni ya kuendesha gari dogo la nyumbani haitoshi. Katika mfumo wa sasa wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, yaani NTSA, daraja la B ni la magari madogo, na ndani yake B3 ni ya dereva anayeendesha gari dogo kikazi, kama teksi. Vani ya abiria wasiozidi 14 iko katika daraja la D1. Basi dogo la hadi abiria 32 ni D2, na basi kubwa ni D3. Wenye leseni za zamani, zile za herufi ambazo matangazo mengi ya kazi bado huzitaja kwa mazoea, wakague katika akaunti zao za eCitizen ni madaraja gani yameandikwa humo kabla ya kuomba kazi. Si vyema kujua siku ya mahojiano kwamba D1 haimo.

Anayebeba abiria wa kulipa anahitaji pia beji ya PSV, ambayo hulipiwa upya kila mwaka. Ili kuipata, dereva lazima awe na cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Ombi hufanywa kupitia eCitizen kwa ada ya Sh1,050, kisha mwombaji huchapisha fomu na kwenda kuchukuliwa alama za vidole. Si lazima kusafiri hadi Nairobi: Kisii na Nyamira zote zina Huduma Centre. Anayejitolea kukupatia cheti au beji bila kuchukuliwa alama za vidole anakuuzia karatasi bandia, na atakayeshtakiwa kwa kuibeba ni wewe, si yeye.

Gari nalo lina masharti yake. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, ndizo zilizoleta mishipi ya usalama kwa kila abiria na kidhibiti mwendo kinachozuia gari la abiria kupita kilomita 80 kwa saa. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka matatu zilizokuwa zikijaza watu hadi mlangoni kabla ya mwaka huo. Mjini na katika masoko kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na hilo linahusu kila gari, hata lenye nembo ya hoteli ya nyota nyingi.

JE, VANI YA HOTELI NI GARI LA ABIRIA WA KULIPA?

Hapa ndipo wengi huteleza. Mwenye hoteli huweza kusema: "Sisi hatutozi nauli, tunawasaidia tu wageni wetu." Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inapoeleza gari la utumishi wa umma hutumia maneno ya kubeba abiria kwa kukodisha au kwa malipo. Haisemi kwamba lazima malipo hayo yapite mkononi mwa dereva. Gari likiwa limekodishwa kwa familia ya wafiwa, au safari ya uwanja wa ndege ikiwa imeandikwa kwenye ankara ya mgeni, ni vigumu kudai kwamba ulikuwa msaada wa jirani.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya bima. Bima iliyokatwa kwa gari la kibinafsi haikukusudiwa kufidia abiria wanaolipa, na ajali ikitokea kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa. Majeruhi watabaki na bili za hospitali, mwenye hoteli atabaki na kesi, na dereva aliyekuwa kwenye usukani ataitwa wa kwanza kujieleza. Njia salama ni hoteli kuiandikia kampuni yake ya bima, ieleze wazi gari linafanya kazi gani, na kuuliza NTSA leseni ya barabara inayofaa. Jibu liwe kwa maandishi, na nakala ikae garini. Dereva anayeajiriwa ana kila sababu ya kuomba kuiona kabla ya kushika funguo. Mwajiri mwema hatakasirika.

Safari za mbali zina mambo yake zaidi. Anayevuka mpaka Isebania kuingia Tanzania anahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, kwa kuwa bima ya kawaida haitambuliwi upande wa pili. Na dereva anayepeleka wageni Maasai Mara kupitia Kilgoris kisha akaanza kuwaonyesha wanyama na kuwaeleza habari zao ameingia katika kazi ya uongozaji watalii, inayosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Hoteli inayotaka kuuza safari za namna hiyo inapaswa kupata leseni yake kwanza.

SAA NANE, SI ZAIDI

Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki kinasema dereva wa gari la abiria au la kibiashara asiendeshe kwa jumla ya zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Ni kifungu kifupi, na pengine ndicho kinachovunjwa zaidi katika kazi hii, mara nyingi bila mtu kukusudia.

Hebu tuhesabu. Safari ya Kisii hadi uwanja wa ndege wa Kisumu, kukiwa na magari mengi Ahero na mjini Kisumu, inaweza kuchukua saa mbili na nusu. Kwenda na kurudi ni saa 5. Dereva anayepeleka wageni wa ndege ya asubuhi na akarudi kuchukua wa ndege ya jioni amekaa kwenye usukani saa 10. Amekwisha kupita kikomo cha sheria kwa saa 2, na hapo bado hajatumwa sokoni wala kupeleka wahudumu wa baa nyumbani. Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, iwe kwa njia ya Bomet na Narok au ya Kericho na Nakuru. Kwenda na kurudi siku moja kwa dereva mmoja hakuwezekani kihalali, hata akinywa kahawa ya Kisii kikombe baada ya kikombe.

Hasara ya kuchoka haionekani hadi ionekane yote kwa mara moja. Dereva anayesinzia hasinzii dakika kumi. Sekunde chache zinatosha. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari husonga zaidi ya mita 22 kila sekunde. Akifumba macho kwa sekunde 3, gari limekwenda karibu mita 67 bila mtu wa kuliongoza, na kwenye kona za kati ya Sondu na Oyugis huo ni umbali wa kutosha kuvuka hadi upande wa lori linalopanda.

Kwa hivyo ratiba si kazi ya dereva peke yake. Mapokezi wanapokubali oda mbili za Kisumu siku moja, wanapaswa kujua nani ataendesha ya pili. Hoteli isiyo na dereva wa pili inaweza kukodi gari la sako lenye leseni kwa safari hiyo moja. Ni gharama, lakini hoteli nyingi hutumia zaidi ya hapo kwa maua ya ukumbini. Daftari la safari, lenye saa ya kuondoka na saa ya kufika, humlinda dereva na mwajiri wote wawili: bila daftari, baada ya ajali kila mmoja atasema lake.

Kukaa hotelini ukisubiri kuitwa si kuendesha, na hakuingii katika zile saa 8. Lakini ni kazi, na huingia katika saa za ajira. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Dereva ambaye simu yake lazima iwe wazi siku zote saba, mchana na usiku, hajapewa siku hiyo.

MSHAHARA, MAKATO NA MKATABA

Kima cha chini cha mshahara hutangazwa na serikali ya kitaifa na hubadilika, hivyo takwimu ya mwaka jana haifai kutegemewa. Ila kuna jambo moja ambalo madereva wengi hawalijui: agizo la jumla la mishahara huwataja madereva kwa aina ya gari, na huigawa nchi katika makundi. Miji mikubwa iko kundi la kwanza, maeneo yaliyokuwa manispaa kabla ya ugatuzi kundi la pili, na kwingine kote kundi la tatu. Kisii ilikuwa manispaa. Dereva wa vani mjini Kisii na mwenzake wa Keroka, mwendo mfupi tu kwenye barabara ya Sotik, wanaweza kuwa na viwango tofauti vya chini kwa kazi ile ile. Ofisi ya leba ndiyo inayoweza kumwambia kila mmoja kiwango chake cha sasa.

Mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi lazima uwe wa maandishi, na mshahara huja na hati inayoonyesha makato. Makato ya kisheria yanajulikana: asilimia 6 ya NSSF kwa mujibu wa viwango vyake, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii chini ya SHA, na asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu. Kwa NSSF na nyumba mwajiri huongeza kiasi kinacholingana kutoka mfukoni mwake. Dereva anayekatwa lakini asione michango ikifika katika akaunti zake anapaswa kuuliza mapema, sio siku amelazwa.

Dereva wa kuitwa na kulipwa kwa siku ana kinga pia. Akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi 1 au zaidi, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira humhesabu kama mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki ya notisi na likizo. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi zenye malipo kamili. Baba aliyepata mtoto ana wiki 2.

Makato yanayoleta ugomvi zaidi ni ya uharibifu. Kioo cha pembeni kimevunjika kwenye maegesho, au mkwaruzo umeonekana mlangoni, na mwisho wa mwezi dereva anakuta bei yake imekatwa. Sheria inaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa uharibifu uliotokana na mfanyakazi kukosa kwa makusudi. Jiwe lililorushwa na lori si kosa la makusudi la dereva. Na hata pale makato yanaporuhusiwa, yote kwa pamoja hayawezi kupita theluthi 2 za mshahara. Theluthi inayobaki lazima imfikie mwenyewe. Ukaguzi wa gari asubuhi, ukiandikwa na kutiwa sahihi na dereva anayepokea na anayekabidhi, humaliza ugomvi huu kabla haujaanza.

Bakshishi ni ya aliyepewa, isipokuwa wafanyakazi na hoteli wamekubaliana kuziweka pamoja. Haihesabiwi kuwa sehemu ya mshahara. Wafanyakazi wa hoteli, madereva wakiwemo, wanaruhusiwa kujiunga na chama cha KUDHEIHA, na mwajiri hawezi kumfuta mtu kwa sababu hiyo.

AJALI IKITOKEA

Dereva husimama, husaidia majeruhi, na huripoti polisi bila kuchelewa. Abstrakti ya polisi ndiyo itakayohitajika kwa bima. Asisaini karatasi yoyote ya kukubali kosa barabarani kwa kuhimizwa na mtu, wala asiruhusu mwenye hoteli kumwambia ataje dereva mwingine kwa kuwa huyo ndiye mwenye beji. Hilo ni kosa la jinai kwa wote wawili.

Dereva akiumia akiwa kazini, Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 inamhusu. Hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Anachohitaji ni kumjulisha mwajiri, ambaye naye ana siku 7 za kuripoti kwa ofisi ya usalama na afya kazini. Mfanyakazi akifariki, taarifa hutolewa ndani ya saa 24. Aliyelemaa kabisa na kabisa asiweze kufanya kazi tena hufidiwa mapato ya miezi 96. Kila mwajiri anatakiwa kuwa na bima ya kulipia fidia hiyo, na swali la kama ipo ni halali kuulizwa siku ya kuajiriwa.

NANI AULIZWE NINI

Leseni za udereva, beji na ukaguzi wa magari viko chini ya serikali ya kitaifa kupitia NTSA. Kaunti inashughulikia vibali vya biashara vya hoteli, maegesho, barabara za kaunti na mpangilio wa magari mjini. Hivyo hoteli inayotaka nafasi ya kushushia wageni karibu na mlango wake, badala ya vani kusimama barabarani na kuzuia magari yanayotoka Capital Roundabout, ipeleke ombi kwa idara ya kaunti inayohusika na uchukuzi. Shimo kwenye barabara ya mtaani linaripotiwa kwa kaunti. Kwenye barabara kuu ya Kisumu au Sotik linaripotiwa kwa KeNHA.

Malalamiko ya mshahara, likizo au kufutwa bila notisi hupelekwa kwanza katika ofisi ya leba, ambapo huduma hailipiwi. Mlalamishi abebe mkataba kama upo, hati za mshahara, na daftari la safari au hata ujumbe wa simu unaoonyesha alitumwa wapi na saa ngapi. Anayetaka kwenda mahakamani ana miaka 3 tangu siku tatizo lilipotokea.